Salle ya Nyuma ya Parokia

Beni, tarehe 16 mwezi wa kwanza 2023

Papa,

Jambo sana. Afya yako iko namna gani? Kile kikohozi cha Noeli kilipona? Hapa Beni joto ni lile lile unalijua, mais tuko bazima, mimi na Blaise.

Najua umeshangaa kupokea barua. Maliro, ule chauffeur wa taxi-voiture anayekaa karibu na kwetu, anapanda Butembo karibu kila siku, na amekubali kuwa posta yetu. Simu, Papa, siiwezi tena. Ukiniita, mbele hata umalize kunisalimia, ninaanza kusikiliza ulimi wako kama ni muzito ao mwepesi, na nyuma ya hapo sisikie tena kitu kingine chote unasema. Miaka mbili sasa tangu Mama alituacha, na simu zako zote nimezisikiliza vile. Nimechoka. Niandikie.

Niko na mambo mawili. La kwanza, niko na mimba ya miezi tano na kitu. Mungu akitaka, nitazaa mwisho wa mwezi wa ine ao mwanzo wa mwezi wa tano.

La pili, mwenzangu wa kazi kwenye centre de santé, pale tunatunza bagonjwa, mutoto wa mutaa wa Vulamba kama sisi, ameniambia kwamba kule, kwenye salle, ule ukumbi uko nyuma ya parokia, kuko kikundi cha batu banaotafuta kuacha pombe. Si chumba cha maombi cha kufukuza pepo, na si hospitali. Banakaa, banaongea, banarudi kwao. Anayebaongoza ni mama mumoja anaitwa Gracieuse, na yeye pia alikunywa miaka mingi. Siku gani na saa gani, mwenzangu hajui. Uliza. Ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwako.

Ninataka mutoto wangu awe na babu. Mais sitamuweka katika mikono inayotetemeka. Nisamehe kuandika vile.

Mutoto wako,
Kyakimwa


Butembo, tarehe 23 mwezi wa kwanza 2023

Mutoto wangu mupendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa bwana wako Blaise. Mimi niko muzima. Kikohozi kimepunguka. Asubui baridi inashuka hapa mpaka mutu anaona pumzi yake, weye unaijua.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mimba, nilifurahi. Nilitoka inje nikatafuta mutu wa kumwambia, na nikakumbuka kwamba ule niliyezoea kumwambia hayuko. Nikamwambia jirani, Mama Vagheni, juu ya ukuta. Alisema asante kwa Mungu, akarudi kwa nguo zake.

Kuhusu jambo la pili. Kyakimwa, mimi nilifundisha histoire na français miaka makumi tatu na ine. Nusu ya batu banaovaa cravate shingoni katika muji huu balipita mbele ya ubao wangu. Leo bakiniona kwa mbali, banakumbuka kwamba bako na kazi upande mwingine wa barabara. Unataka niende kukaa katika salle, mbele ya batu, niseme mimi ni mulevi? Ninakunywa kama banaume bengine, na ninakunywa zaidi kwa sababu nyumba ina kimya. Ukirudi jioni na hakuna mutu wa kukuuliza ulikuwa wapi, utafanya nini?

Mais nimesikia. Nitauliza.

Papa yako,
Apollinaire


Butembo, tarehe 6 mwezi wa pili 2023

Mutoto wangu mupendwa,

Habari ya tumbo? Miguu haivimbi? Mama yako alivimba miguu kwa kila mimba, donc angalia.

Niko na habari njema. Nimeenda. Jumamosi, siku ya posho, saa nane ya muchana, nilivaa veste yangu ya kijivu na nikaenda kule nyuma ya parokia. Nilifikiri nitakuta batu bachafu bachafu. Kumbe tulikuwa batu makumi mbili na saba. Kulikuwa avocat mumoja wa kortini, préfet mumoja wa masomo, mukubwa wa shule, hata commandant mumoja wa jeshi mutu wa Kisangani, mutu mukubwa mwenye mabega kama mulango, na alilia mbele yetu sote. Viti biko kwa duara. Banaimba kwanza, kiisha kila mutu anatoa ushuhuda.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilisema juu ya neno liberté, kwamba mutu anaweza kuwa huru mbele ya serkali na akawa mutumwa mbele ya chupa. Balipiga makofi muda murefu. Mama Gracieuse alinishika mukono akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunangoja mutu kama weye." Na banataka nikuwe secrétaire wa kikundi, juu ya mwandiko wangu.

Basi tunaonana kila siku ya posho. Unaona, papa yako hajaisha bado.

Papa yako,
Apollinaire


Beni, tarehe 13 mwezi wa pili 2023

Papa wangu,

Jambo Papa, jambo secrétaire. Unalala muzuri? Unakula?

Maliro alinipa barua yako nikiwa kwenye garde, zamu yangu ya kazi, na nikaisoma nimesimama mbele ya bagonjwa. Nililia mpaka mama mumoja alifikiri nimepata habari ya kifo. Nikamwambia, hapana mama, ni habari ya uzima.

Nilimusomea Blaise. Ule commandant alimuchekesha. Weye unajua Blaise hachekake ovyo, juu ya mambo ya vita anayoyaona kila siku kwenye barabara ya mashamba ya kakao.

Donc tumeamua. Utashuka Beni wakati wa kuzaa. Tutakutayarishia chumba cha mbele. Nataka weye njo wa kwanza kumubeba mutoto, mbele ya familia ya Blaise, mbele ya batu bote. Miaka mbili nilikuwa ninaona haya juu yako, sasa ninaona haya juu ya ile haya. Wasingya, asante, Papa.

Shona kifungo cha veste. Najua kimekatika.

Mutoto wako,
Kyakimwa


Butembo, tarehe 27 mwezi wa pili 2023

Mutoto wangu,

Salamu. Afya ni ya katikati. Mvua imenyesha juma nzima na njia imeharibika.

Kikundi kinaendelea. Posho iliyopita nilisoma procès-verbal, maandishi ya mukutano, na bakaniuliza nirudie. Commandant amehamishwa, kweli tumesikitika. Sitaandika mingi leo, kuko kazi za secrétariat.

Chumba cha mbele, hapana kusumbuka sana juu yangu.

Papa yako


Beni, tarehe 13 mwezi wa tatu 2023

Papa,

Natumaini uko muzima.

Juma iliyopita kulikuwa formation, mafunzo, hapa kwetu kwenye centre, juu ya bagonjwa ba pombe. Balialika batu kutoka Butembo. Wa pili kuongea alikuwa mama mumoja mufupi, kitenge cha buluu, sauti ya chini. Bakasema jina lake: Gracieuse, wa Vulamba.

Papa, sikungoja hata amalize kukunja karatasi zake. Nilimukimbilia. Nilimwambia, mama, mimi ni binti ya secrétaire wenu. Aliniangalia. Akaniuliza, "Secrétaire gani?" Nikasema, Mwalimu Apollinaire. Alifikiri sana, nilimuona anatafuta, juu hakutaka kunivunja. Akasema, "Mwanangu, sisi tuko batu bane. Tunakutana Alhamisi, jeudi, saa tisa, haijakuwa siku ya posho hata mara moja. Hatuna secrétaire. Mutu wa jina hilo simujui."

Nilikuwa nimemushika mukono. Nikauachilia.

Alikuwa muzuri kwangu. Alisema kwamba yeye pia alidanganya hivyo, kwamba alishawahi kumwambia bwana yake anaenda misa kila asubui. Alisema mulango uko wazi.

Batu makumi mbili na saba, Papa. Ulikaa kwenye meza ukabafikiria mumoja mumoja.

Hapana kushuka wakati wa kuzaa. Chumba cha mbele, mama mukwe wangu njo atakilalia.

Kyakimwa


Butembo, lundi ya Pasaka, tarehe 10 mwezi wa ine 2023

Kyakimwa mutoto wangu,

Pasaka njema kwenu. Sijui kama mimba iko muzuri, na siko na haki ya kuuliza, mais ninauliza.

Ulichoandika ni kweli chote. Sikuwa nimeenda. Ile siku ya posho nilivaa veste, hilo ni kweli, nikafika mpaka kwenye kituo cha bamoto, bale ba pikipiki za kubeba batu, nikageuka nikaingia kwenye nyumba ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Barua nilikuandikia pale pale, na nyuma ya siku mbili nikaiandika tena kwa karatasi safi. Nilipokuwa ninaandika niliiamini.

Nyuma ya barua yako nilikunywa siku mbili. Kiisha nilianza kutafuta mulango. Jeudi ya kwanza nilipita mbele ya parokia bila kusimama. Jeudi ya pili mulinzi, Abdias, aliniuliza, "Mwalimu, unatafuta nani?" Nikamujibu natafuta kulipisha misa ya marehemu. Akanionyesha bureau. Nikaenda bureau, nikakuta ni chorale ya bamama, bakanipa kiti, nikaimba nao nyimbo mbili na nikarudi nyumbani.

Jeudi ya tatu niliingia. Ile salle ni ndogo. Magunia ya mahindi ya parokia yamepangwa mpaka dirishani, na inanuka mahindi. Mabenchi ya katekisimo, mafupi, magoti yanakugusa kidevu. Hakuna duara. Alikuwako Mama Gracieuse, kijana mumoja wa kutengeneza pikipiki anaitwa Lévi, mama mumoja ambaye hakusema neno, na muzee anayetoka Vuhovi kwa miguu, buti zake zimejaa matope. Hakuna aliyeimba.

Mama Gracieuse akaniuliza jina. Nikasema Omer. Unaona papa yako, hata pale.

Lévi alisimama akasema, "Leo ni siku ya tisa," akakaa. Ule muzee akasema, "Mimi jana nilianguka. Nimekuja vile vile." Bakanitazama. Nilikuwa na maneno mengi, weye unanijua, na hakuna hata moja lilitoka. Kiisha Mama Gracieuse akasema, sawa, tutaonana jeudi. Nilikunywa njiani.

Jeudi takatifu parokia ilijaa, tukakaa jikoni kwa Mama Gracieuse. Nikasema jina langu la kweli. Lévi akasema, "Nilijua, Mwalimu. Ulinifundisha katika mwaka wa pili." Hakuvuka barabara.

Sijakunywa tangu siku ile. Ni siku ine. Ninaandika ine.

Papa yako


Butembo, tarehe 28 mwezi wa ine 2023

Mutoto wangu,

Nakusalimia, na Blaise pia. Maliro anasema tumbo limeshuka, kwamba ni karibu. Njo yote aliniambia, na sikumuuliza zaidi.

Nilianguka tarehe 15. Nilirudi jeudi iliyofuata nikasema. Sasa ni siku kumi na tatu.

Jana jeudi niliongea. Nilibaambia kitu ambacho weye njo ulipaswa kukisikia wa kwanza, na ninakuandikia leo mbele sijapoteza nguvu.

Ile Jumapili mama yako alikufa, weye ulitoka saa sita kutafuta dawa katika mapharmacie. Ulinikalisha kwenye kiti pembeni ya kitanda. Ulisema, "Papa, masaa mbili tu, hapana kutoka." Uliporudi nilikuambia kwamba alikufa mukono wake katika mukono wangu, kwamba alitaja batoto bake bote, na jina lako njo lilikuwa la mwisho. Umelirudia jambo hilo kwenye mazishi, mbele ya batu. Umebaandikia ndugu zako bakubwa kule Kampala. Umesema kwamba linakusaidia kulala.

Sikukuwako, Kyakimwa. Weye ulipopinda kwenye kona, mimi nilitoka. Nilijiambia glasi moja. Niliporudi ilikuwa karibu saa kumi, na weye ulikuwa haujarudi bado. Alikuwa amegeukia ukuta na shuka imeanguka chini. Sijui saa gani alikufa. Sijui kama alisema jina la mutu. Niliokota shuka, nikamufunika, nikakaa kwenye kiti, na nikasikia hatua zako kwenye uwanja.

Nilipomaliza kubaambia, hakuna aliyenituliza. Muzee wa Vuhovi alisogea kwenye benchi akanipa nafasi. Ni hivyo tu.

Papa yako


Beni, tarehe 15 mwezi wa tano 2023

Papa,

Uko muzima? Mimi nimeanza kutembea vizuri.

Mutoto alizaliwa tarehe 2, asubui, mwanamuke, kilo tatu na kitu. Ulifikiri labda tutamwita Germaine, jina la Mama. Hapana. Anaitwa Jessica, njo baba yake alitaka, na mimi sikukataa.

Barua yako nilikuwa nayo kwenye maternité, chini ya mutoto.

Kwamba haukukuwako, nilijua. Nilijua tangu mazishi. Mama Vagheni aliniambia. Alisikia Mama anaita, muda murefu, "banisaidie maji." Akaja. Akapiga hodi, akasukuma mulango, haukufunguka. Akafikiri tumemupeleka hospitali na kwamba masikio yake njo yanamudanganya. Hata yeye hajalala muzuri tangu pale.

Ile hadithi ya mukono niliirudia mbele ya batu nikijua ni ya uongo. Nilitaka uone haya, uniambie, tuko wawili tu. Haukuniambia. Miaka mbili niliingoja barua ile.

Sasa niko na swali moja na nataka jibu la swali hilo peke yake. Ule mulango haukuwa na shida. Nimeufungua na kuufunga tangu nikiwa mutoto. Nimejiambia labda kitasa kilikwama juu ya mvua. Nani aliufunga?

Kyakimwa


Butembo, jeudi tarehe 18 mwezi wa tano 2023

Kyakimwa,

Mungu amubariki Jessica. Nimefurahi kwamba umetoka muzima.

Ni mimi. Niliufunga kwa ufunguo, kutoka inje, na ufunguo nikauweka mufukoni. Nilijua Mama Vagheni anapitaka saa ile kumusalimia mama yako. Nilitaka asikute kiti kiko wazi.

Kama nisingefunga, angepata maji, na angekuwa na mutu.

Nimeenda asubui hii kwa Mama Vagheni nikamwambia yeye pia, kwamba masikio yake hayakumudanganya. Alifunga mulango wake. Alikuwa na haki.

Sikuombe unijibu.

Papa yako


Butembo, tarehe 9 mwezi wa sita 2023

Mutoto wangu,

Salamu kwenu batatu. Hapa jua linatoka kidogo, mahindi ya Vuhovi yameanza kuingia sokoni.

Maliro anasema barua anaziweka katika mukono wako mwenyewe. Basi ninaandika tu ujue niko wapi.

Mama Gracieuse ni mugonjwa, tumbo. Ameniachia kufungua salle. Jeudi ya kwanza tulikuwa wawili, mimi na muzee wa Vuhovi, ambaye jina lake, nimejua sasa, ni Lusenge. Lévi ameenda Kasindi kutafuta kazi. Ule mama asiyeongea hakuonekana. Jana hata Lusenge hakuja. Nilikaa kutoka saa tisa mpaka saa kumi pamoja na magunia. Saa tisa na nusu nilisema kwa sauti kwamba ni siku ya hamsini na ine, juu njo utaratibu. Kiisha nikapanga mabenchi nikafunga.

Wakati nilipofika nyumbani hakuna aliyejua kama nilikaa saa nzima ao nilitoka mapema. Nilikaa saa nzima.

Papa yako


Beni, tarehe 19 mwezi wa sita 2023

Papa,

Jambo. Sisi tuko bazima. Mutoto ananyonya muzuri na anapiga kelele kama mutu wa sokoni.

Nilipata barua zako zote mbili. Ile ya mulango niliisoma mara moja na sitaisoma tena. Blaise aliniuliza iko na nini ndani. Nilimwambia mambo ya Mama. Mengine sikumwambia. Sijakusamehe, na sijui kama itakuja. Hapana kuniuliza hilo katika barua.

Familia ya Blaise ya kule Butembo banataka kumuona mutoto, donc jeudi hii tutapanda Butembo na Maliro. Tutafika karibu saa nane. Kwa nyumba sitakuja, siwezi kupita ule mulango. Mais saa tisa nitakuwa kule nyuma ya parokia. Sitaingia. Kuko ngazi ya mawe inje, kwenye kivuli, nitakaa pale na mutoto mpaka saa kumi.

Kaa ndani saa yako yote, hata kama uko peke yako. Hapana kutoka mbele ya wakati juu yangu. Ukimaliza, toka, utamuona.

Hapana kuomba kumubeba. Siku hii ni kuona tu.

Kyakimwa, mutoto wako